Fundo la Mheshimiwa

Ipo nchi moja, mbali kidogo na hapo ulipoketi, mbali kiasi cha kukutosha usome bila kugeuka nyuma. Jina lake silitaji. Wenyewe hawapendi litajwe bila kibali, nami kibali sina. Ni nchi nzuri sana. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wengi kuliko madaraja, na mawaziri wake wote ni wazima, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu madaraja.

Katika nchi hiyo watu hubeba mizigo juu ya paa za magari. Hubeba magodoro, makochi, magunia ya mkaa, makabati ya harusi na mbuzi waliokata tamaa. Nao walikuwa wanajua kufunga. Kamba ya manila ya mbele iliteremshwa hadi kwenye bampa, ya nyuma vivyo hivyo, za ubavuni zikapitishwa chini ya keria na kurudishwa juu, kisha vikakaziwa vipande vya mpira wa tairi la ndani. Ukimaliza unausukuma mzigo kwa nguvu. Ukiona gari linayumba na mzigo umetulia, panda twende. Hakuna aliyewahi kuwafundisha. Serikali iliposikia kwamba kuna kitu wananchi wanakijua bila kufundishwa, ilihuzunika.

Ila sheria yenyewe ililetwa na beseni la kuogea.

Mheshimiwa Ladislausi Kivimbe, wakati huo akiwa Waziri wa Mambo Mengineyo, aliagiza kutoka ng'ambo beseni la marumaru ambalo mtu wa unene wake angeweza kugeuka ndani yake bila kugusa ukingo. Lilipofika bandarini, dereva wake alilipakia juu ya gari la wizara, akatoa kamba.

"Unafanya nini?" akauliza Mheshimiwa.

"Nalifunga, mzee, lisianguke."

"Hili ni gari la serikali. Serikali haifungwi kamba."

Wakaondoka hivyo hivyo. Kwenye mzunguko wa katikati ya mji gari likakata kona, beseni likaenda moja kwa moja. Pembeni ya barabara alikuwa ameketi mama mmoja aliyeitwa Siwema, muuza mchicha. Alikufa pale pale, fungu la mchicha mkononi, na mteja wake bado anadai nyongeza.

Nchi nzima ilishtuka. Beseni lilikuwa limepata ufa.

Tume ikaundwa. Ilikaa hotelini, ikatafakari, ikala, ikagundua kwamba marehemu alikuwa ameketi katika eneo linalofikiwa na mizigo. Ikapendekeza ianzishwe wizara mpya ya kuwalinda wananchi na uzembe wa aina hiyo. Ndipo ilipozaliwa Wizara ya Mizigo ya Paani, na Mheshimiwa Kivimbe akapewa aiongoze, kwa kuwa ndiye pekee katika baraza zima aliyekuwa na uzoefu. Tangu siku hiyo kila mzigo ulio juu ya gari la mwananchi lazima ukaguliwe. Magari ya serikali yalisamehewa, maana yalikuwa yamekwisha kujaribiwa.

*

Sasa nikupeleke kwa Leokadia, ambaye hakuwa na habari yoyote na mabeseni.

Leokadia alishona sare za shule katika mji mkuu. Mama yake, Mama Dafroza, alikuwa ameletwa kutoka kijijini Mkutani kuja kutibiwa tumbo katika hospitali kuu. Hospitali ilimpokea vizuri. Ilimpa kitanda, ikampa mgonjwa mwenzake wa kulala naye miguu huku na huku, ikampa matumaini. Dawa tu ndiyo ilikuwa bado njiani. Siku moja kabla ya kufa alimshika binti yake mkono.

"Leka, mwanangu, mimi siponi hapa. Usije ukanizika huku kwenye vumbi la watu. Nirudishe nikalale na baba yako."

"Utarudi kwa miguu yako, mama."

"Niahidi hivyo hivyo."

Leokadia akaahidi. Mama akafa asubuhi, na binti hakulia, kwa sababu palikuwa na mambo ya kufanya, na yeye ndiye alikuwa wa kuyafanya. Akaenda kuulizia gari la maiti la hospitali.

"Limetoka," akasema mhudumu. "Limekwenda kupeleka bia."

"Bia?"

"Za sherehe ya Wizara ya Mizigo ya Paani. Lina jokofu zuri sana lile gari. Bia inafika baridi kabisa."

Leokadia alisimama pale akimtazama, akingoja acheke. Mhudumu hakucheka. Alikuwa anajivunia lile jokofu.

Basi akampigia simu binamu yake Kanuti, aliyekuwa na Pijo ya zamani ya kusombea kabichi. Kanuti aliliosha paa la gari kwa sabuni mpaka kabichi ya mwisho ikatoka kwenye keria. Akatandika blanketi, wakalipandisha jeneza, akalifunga mbele, nyuma na ubavuni, akakazia mpira. Kisha akalisukuma kwa mabega mawili. Gari likayumba, jeneza likatulia.

"Mama hatikisiki," akasema Kanuti. "Tutamfikisha."

Mama mdogo Restituta, mdogo wa marehemu, akakaa nyuma na wanawake wengine wa ukoo, wamebanana, shada la maua magotini. Leokadia akakaa mbele. Wakaondoka kesho yake kukiwa bado na ubaridi wa alfajiri, wakitegemea kuzika mchana.

*

Kizuizi kilikuwa mahali wapaitapo Lango la Chuma. Palipambwa. Kulikuwa na mahema meupe, viti vya kitambaa, spika kubwa, na bango lenye picha ya Mheshimiwa Kivimbe akitabasamu chini ya maneno NIFUNGIENI NIKUFUNGIENI. Mkaguzi Mkuu wa Paa, kijana aliyevaa suti ya mikono mirefu kuliko yake, jina lake Hieronimo, alinyanyua mkono.

"Mnabeba nini?"

"Msiba, mkubwa," akajibu Kanuti.

"Msiba hauna vipimo. Juu ya paa pana nini?"

"Jeneza."

"Mwenye mzigo ni nani?"

"Si mzigo," akasema Leokadia. "Ni mama yangu."

"Dada, usinichanganye. Kilichomo ndani ya gari ni abiria. Kilicho juu ya paa ni mzigo. Mama yako kama anataka kuwa abiria, ashuke, akae kitini, afunge mkanda."

Aliyasema hayo bila kutabasamu. Alikuwa amehudhuria semina.

Mama mdogo Restituta akatoa kichwa dirishani. "Mwanangu, wewe mama yako yupo?"

"Yupo nyumbani, bibi."

"Basi Mungu amjalie asipite njia hii."

Hieronimo alilizunguka gari. Alivuta kamba ya mbele, haikulegea. Alivuta ya nyuma, nayo haikulegea. Akapenyeza vidole chini ya mpira, vikabanwa, akavitoa kwa shida. Uso wake ukasinyaa kama wa mtu aliyealikwa chakula akakuta sahani zimeoshwa. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akalipima jeneza kwa macho, urefu na upana, uso ukachangamka. Akawapungia wenzake waliokuwa hemani.

"Njooni! Umepatikana!"

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Siku ile Mheshimiwa alikuwa anakuja kuzindua Wiki ya Kitaifa ya Kufunga Mizigo, na katika uzinduzi alitakiwa afunge mzigo mbele ya wananchi. Wizara ilikuwa imenunua majokofu mapya ya maonyesho. Lakini majokofu hayo, moja baada ya jingine, yalikuwa yamechukuliwa kufanyiwa majaribio katika majiko ya viongozi, na bado majaribio yalikuwa yanaendelea. Mheshimiwa alikuwa njiani. Mzigo haukuwepo.

"Mmechaguliwa," akasema Hieronimo. "Hongereni sana."

"Tunakwenda kuzika," akasema Leokadia.

"Mtazika. Tena kwa heshima zaidi. Mzigo wenu utafungwa na Mheshimiwa mwenyewe."

"Umeshafungwa."

"Umefungwa na mwananchi," akasema Hieronimo kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini maji machafu hayanywewi.

Wakachukua ufunguo wa gari.

*

Mheshimiwa alichelewa, kama inavyompasa mtu wa kazi nyingi. Pijo iliegeshwa katikati ya uwanja, mahali pasipo na kivuli, ili ionekane vizuri na wapiga picha. Jeneza likafunikwa kitambaa chenye picha ya Mheshimiwa, kwa hiyo kwa mbali ungedhani ndiye aliyelala pale, na wapo waliotazama kwa tumaini.

Jua likapanda. Bati la gari likawaka. Mahemani wageni walianza kula mapema, wasije wakala kwa haraka Mheshimiwa akifika. Kulikuwa na mbuzi wa kuchoma, kulikuwa na kuku, kulikuwa na ndimi za ng'ombe. Makatibu walishika mbavu kwa mikono miwili na kuziguguna mpaka mafuta yakawateremka kwenye viwiko na kuingia ndani ya mikono ya suti. Mkurugenzi mmoja alikula huku amelala usingizi, taya likiendelea na kazi peke yake. Bia zilitoka baridi kabisa kwenye gari lile lile la hospitali, ambalo mlango wake wa nyuma uliachwa wazi ili kila mtu ajihudumie, na mtu mmoja alikuwa ameketi kwenye machela, anakunywa, anapunga miguu.

Leokadia alikwenda hemani.

"Naomba barafu," akamwambia Hieronimo. "Kidogo tu. Nimwekee mama."

"Barafu ni ya wageni."

"Jua ni kali. Ataharibika."

"Dada, jua lipo nje ya wizara yetu."

Alirudi akasimama ubavuni mwa gari, upande ambao kivuli chake mwenyewe kiliangukia jeneza. Kilikuwa kivuli chembamba. Mama mdogo Restituta akashuka akasimama naye, na wanawake wengine wakafuata, wakajipanga bega kwa bega, wakatanua khanga zao juu ya vichwa vyao. Walisimama hivyo mpaka mchana ukageuka.

Hata hivyo lile lililotarajiwa lilianza. Upepo ulipogeuka, harufu ilifika meza kuu. Kwanza watu walitazamana. Halafu walitazama nyama. Halafu Katibu wa Wizara akasimama, akakamata kipaza sauti.

"Ndugu zangu, tunasikia harufu. Tusidanganyike. Hii ni harufu ya wasioitakia mema nchi yetu, wanaojaribu kuharibu siku hii. Hawataweza!"

Wakapiga makofi kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umeziba pua. Wahudumu wakapita wakiwanyunyizia wageni marashi. Nyama na marashi na kile kilichokuwa juani vikachanganyika vikawa kitu kimoja, na wageni wakaendelea kula ndani ya kitu hicho. Mimi sikuwepo. Mama mdogo Restituta ndiye aliyenihadithia, na kila akifika hapa huomba maji ya kunywa.

*

Mheshimiwa Kivimbe alifika alasiri kwa msururu wa magari. Alitoka kwenye gari kwa awamu: kwanza viatu, kisha tumbo, kisha tabasamu, mwisho yeye mwenyewe. Akaketishwa, akaletewa mguu wa mbuzi, akaumaliza, ndipo akasimama kuhutubia.

"Ndugu wananchi! Zamani, enzi zile za giza, kila mtu alikuwa anafunga mzigo wake anavyojua yeye. Ile ilikuwa fujo! Mtu akishajua kufunga mzigo wake mwenyewe, kesho atataka nini? Atataka kujua wenzake wamebeba nini!"

Makofi.

"Leo natangaza: kila paa ni paa la serikali. Ninyi mmepewa kivuli chake tu. Mkitumie kivuli hicho kwa nidhamu!"

Makofi, vigelegele, kwaya ya wizara ikaimba ubeti.

Akaletewa mkasi juu ya mto wa mahameli. Akakata kamba za Kanuti, moja moja, akitua baada ya kila moja ili apigwe picha, na mipira akaikata, na vyote vikatupwa kwenye pipa lililoandikwa ZAMANI. Kisha ikaletwa Kamba ya Taifa, ya rangi za bendera, iliyotengenezwa katika kiwanda cha shemeji yake. Ilikuwa laini kama utepe wa keki. Wasaidizi wakamsukuma makalio akapanda ngazi iliyotandikwa zulia. Akaizungusha ile kamba juu ya jeneza na chini ya keria, akafunga fundo moja kubwa lenye masikio mawili, kama la zawadi ya siku ya kuzaliwa.

"Hili," akatangaza, "ni Fundo la Taifa!"

Halafu akalipiga jeneza makofi, pa, pa, kama mnunuzi anavyompiga fahali mnene.

"Huyo ni dada yangu!" Mama mdogo Restituta akapiga kelele kutoka chini. "Humo ndani yumo dada yangu! Mwacheni akapumzike!"

Mheshimiwa akatazama chini, akamwona mama mzee, akafikiri kidogo. Kufikiri kwake kulionekana, kama lori linavyoonekana likipanda mlima.

"Mmeona!" akanguruma. "Hata wazee wetu wamejitokeza!"

Makofi yakavuma. Mheshimiwa, kabla ya kushuka, akafuta vidole vyake vyenye mafuta ya mbuzi kwenye ubao wa jeneza, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Leokadia aliiona ile alama.

Hieronimo akabana kwenye fundo lakiri, kipande cha risasi chenye muhuri wa wizara. "Fundo hili halifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa Mheshimiwa. Atakayevunja lakiri atakwenda jela."

"Na tukifika kijijini, nani atalifungua?" akauliza Kanuti.

"Mtamsubiri Mheshimiwa."

"Mpaka lini?"

"Mheshimiwa ana ratiba."

*

Walirudishiwa ufunguo, wakaendesha polepole. Barabara ya kwenda Mkutani ni ya milima, na baada ya daraja la mbao huanza mteremko mrefu wenye korongo upande wa kushoto. Kabla hawajaumaliza mteremko wa kwanza, Leokadia alisikia mkwaruzo juu ya kichwa chake. Kamba ya Taifa ilikuwa inanyooka. Kanuti akakanyaga breki kidogo, na juu ya kioo cha mbele pakatokea ubao wa jeneza, upana wa kiganja kizima, kisha viwili. Miguu ya mama ilikuwa imeanza kuwachungulia.

Kanuti akasimamisha gari.

"Dada, nikishuka zaidi ataruka. Nikirudi nyuma ataangukia nyuma."

"Fungua tufunge upya."

"Ile ni lakiri ya serikali. Nina watoto, dada. Wakinifunga mimi watakula nini?"

"Sikukuambia wewe."

Leokadia akachukua kisu kilicholetwa kukatia mkate wa njiani, akakanyaga ukingo wa mlango, akapanda paani. Masikio ya lile fundo yalikuwa yanapepea. Alilikata. Halikumpa taabu. Lakiri ikadunda kwenye bampa, ikaruka korongoni, na kamba ya rangi za bendera akaitupia huko huko.

"Sasa tutafungia nini?" akauliza Kanuti kutoka chini. "Zetu walizitupa."

Mama mdogo Restituta alikuwa tayari ameshuka. Akavua khanga ya kiunoni, akaikunja, akaisokota mpaka ikawa ngumu kama fimbo, akamrushia. Wanawake wengine wakafanya vivyo hivyo. Kanuti naye, baada ya kutazama juu na chini ya barabara, akavua mkanda wake wa suruali. Wakafunga mbele hadi kwenye bampa, nyuma hadi kwenye bampa, na ubavuni chini ya keria na kurudi juu.

Leokadia alibaki juu kukaza. Uso wake ulikuwa karibu na ubao, na harufu ilikuwa kali, lakini hakugeuza uso. Akaona tena ile alama ya vidole, imekauka, inang'aa. Akatemea mate upindo wa gauni lake, akaisugua, akasugua, mpaka ubao ukarudi rangi yake.

"Shuka sasa, mwanangu," Mama mdogo akamwita. "Imetoka."

"Bado kidogo," akajibu.

Kisha akalisukuma jeneza kwa nguvu zake zote. Gari likayumba.

Walifika Mkutani jua likizama. Watu walikuwa wamengoja tangu mchana kando ya kaburi lililochimbwa pembeni ya la mumewe. Hakuna aliyeuliza kwa nini wanawake wameshuka bila khanga. Katekista alisoma sala fupi, kwa sababu haikuwezekana kusoma ndefu, na Mama Dafroza akateremshwa.

*

Asubuhi yake Hieronimo alifika na askari. Walifika wakati wa chakula cha wafiwa, na kwa kuwa ni watu wenye adabu, walikula kwanza. Walikula wali, wakala maharage, wakauliza kama nyama imebaki, ikaletwa, wakaila. Hieronimo alifungiwa nyingine kwenye jani la mgomba. Alipomaliza kuchokoa meno akasimama.

"Tumekuja kukagua Fundo la Taifa. Mzigo uko wapi?"

Akaonyeshwa kaburi.

"Nani aliruhusu upakuliwe? Mzigo urudishwe paani ukaguliwe."

Katekista akaivua miwani yake. Wanaume waliokuwa wameketi wakasimama, na majembe yaliyochimbia kaburi bado yalikuwa pale pale, yameegemezwa ukutani. Hieronimo akayaona. Semina haikuwa imezungumzia majembe.

Leokadia akapita katikati ya watu.

"Lakiri niliikata mimi," akasema. "Kwa kisu cha mkate. Marehemu hakukata kitu. Nichukueni mimi, yeye mwacheni."

"Na kamba?"

"Nimeitupa korongoni."

Hieronimo akashusha pumzi. Mtu alikuwa amepatikana. Wakamfunga pingu, wakampakia, na lile jani la mgomba wakaliweka kitini katikati yao, lisimwagike.

Kesi haikuchukua muda. Alishtakiwa kwa kufungua Fundo la Taifa na kwa kusababisha mzigo ufike ulikokuwa unakwenda bila usimamizi.

"Mzigo ulianguka?" akauliza hakimu.

"Haukuanguka."

"Basi fundo lilikuwa imara."

"Fundo nililikata, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unakiri."

Akafungwa. Gerezani alipewa kazi ya kushona sare za wafungwa, na huko ndiko alikosikia redioni kwamba Wiki ya Kitaifa ilifana mno: mizigo yote iliyofungwa na Mheshimiwa Kivimbe kwa mkono wake ilikuwa imefika salama. Ulikuwa mmoja tu.

*

Sikukuu ya uhuru ilipokaribia, Mheshimiwa alitaka kuonekana ana huruma. Huruma ilikuwa inapendeza mwaka ule. Ikaamuliwa kwamba Leokadia atasamehewa, ila kwanza apelekwe redio ya taifa, aombe radhi na kumshukuru Mheshimiwa mbele ya nchi nzima. Taarifa ya habari ya asubuhi, ili isipitwe, ikatangaza kwamba ameshaomba radhi, ameshashukuru, tena kwa machozi, na kwamba ameshaachiwa huru.

Mchana wakampeleka studio. Katibu wa Wizara alikuwepo, yule wa harufu.

"Utasema: nimejifunza, naomba radhi, asante Mheshimiwa. Basi. Mlango ule pale."

Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji akasema kwa sauti ya asali, "Tunaye hapa mama aliyeguswa na huruma ya Mheshimiwa. Karibu, mama, utuambie."

Leokadia akakisogelea kipaza sauti.

"Mama yangu aliitwa Dafroza," akasema. "Alizaa watoto, akalima, akawalea na wa wenzake. Alipokufa alinyimwa gari, kwa sababu gari lilikuwa limebeba bia. Waliniwekea mama juani, wakakaa kivulini wakala nyama mbele yake tangu asubuhi hadi alasiri. Alipoanza kunuka walisema ni njama. Aliyenuka si mama yangu. Mama yangu alikuwa amekufa, ana sababu. Nilikuwa nataka mumjue jina, ni hilo tu."

Wakakata matangazo, wakaweka muziki wa dansi. Ulikuwa umechelewa kidogo. Nchi nzima ilikuwa imesikia, hata jikoni kwa viongozi, kule majokofu yalikokuwa bado yanajaribiwa.

Katibu akafoka. "Mrudisheni gerezani! Sasa hivi!"

"Haiwezekani, mzee," akasema mkuu wa redio, jasho linamtoka. "Asubuhi tumetangaza yuko huru."

"Tangazeni hayuko!"

"Tutakuwa tumetangaza uongo."

Walibishana pale, mbele yake, kwa muda mrefu. Redio ya taifa haijawahi kusema uongo. Jambo hilo limo katika sheria iliyoianzisha. Ikiwa ilisema yuko huru, basi alikuwa huru, na aliyeketi studioni hakuwa na budi kuondoka. Mwishowe Katibu akamtazama kwa macho ya mtu aliyemeza nzi.

"Toka," akasema.

Nje, Kanuti alikuwa anamsubiri. Alikuwa amesikia akiwa sokoni, akaziacha kabichi zake kwa jirani. Alifungua mlango wa mbele, akafuta kiti kwa kiganja. Wakaondoka. Kwenye ule mteremko alipunguza mwendo, akamtazama kwa pembe ya jicho, naye akamwambia, "Endesha tu, kaka."

Walipofika Mkutani, Mama mdogo Restituta alimkumbatia, akampa maji, kisha akamwonyesha njia ya nyuma ya nyumba na kumwacha aende peke yake. Nyasi zilikuwa zimeota juu ya udongo. Leokadia akapiga magoti akaanza kuzing'oa, moja moja, akizirundika pembeni, mikono yake ikifanya kazi vizuri kama ilivyozoea. Tangu siku ile hospitalini hakuwa amepata nafasi ya kulia. Alipofika katikati ya kaburi mikono ikakataa, akalala kifudifudi juu ya udongo ule, akalia kwa sauti, na hapakuwa na mtu yeyote mwenye cheo hapo wa kumwambia anyamaze.